Mama ameota mishipa ya damu kwenye jicho. Tungoje karafuu imalizike?

"Assalamu alaykum dokta. Mama yangu ana miaka 59, tunakaa Wete. Huu ni mwaka wa 13 ana kisukari, na presha pia anayo. Jicho lake la kulia lilianza kufifia tangu mfungo uliopita, tukadhani ni mtoto wa jicho. Wiki iliyopita tukampeleka kupimwa. Daktari akatwambia ameota mishipa mipya ya damu kwenye lile duara la rangi, akaandika neno refu, rubeosisi, na presha ya jicho 29. Anasema anahitaji sindano ndani ya jicho na leza, yafanyike Unguja, tena haraka. Mama hataki. Jirani yetu alipigwa leza akapofuka. Shangazi anasema mishipa ikiota ni dalili jicho linapata damu, limeshaanza kupona. Mama mwenyewe anasema haumwi, na vidonge vya presha anameza kila siku, sasa hiyo ya jicho imetoka wapi? Tena msimu wa karafuu ndio huu, anataka tungoje miezi miwili mitatu. Naomba unieleze ukweli."

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nianze na la mwisho, maana ndilo lenye haraka: msingoje karafuu. Miezi mitatu kwa jicho la namna hii ni mingi mno. Mengine uliyouliza nitayaeleza taratibu, na ukimaliza kusoma kaeni na Mama na Shangazi mzungumze, ila hili la kungoja litoeni kabisa kwenye mazungumzo.

Sasa jicho lenyewe. Ukimtazama mtu machoni unaona weupe, kati ya weupe duara la rangi, kwetu la kahawia iliyokoza, na kati ya duara hilo tundu jeusi, yaani mboni. Lile duara madaktari tunaliita airisi. Penye jua kali hujikaza mboni ikawa ndogo, gizani hujilegeza. Airisi ina mishipa yake ya damu ya kuzaliwa nayo, imejipanga kama njiti za mwavuli, na kuta zake ni madhubuti, hazivuji. Aliyoiona daktari wenu si hiyo. Ni mingine, myembamba, imejisokota ovyo, mara nyingi huanzia kwenye ukingo wa mboni, na kuta zake ni dhaifu.

Wewe hutoiona hata ukimmulika Mama kwa tochi ya simu. Kwenye macho ya buluu ya wazungu huonekana mapema, lakini kwenye macho yetu wekundu wake hupotea ndani ya kahawia. Sisi tunaitafuta kwa ile mashine ya kuegemeza kidevu. Unaulaza mwanga mwembamba ubavuni, unakuza picha, kisha unauzunguka ukingo wa mboni polepole kama fundi anayetafuta uzi uliofumuka kwenye kofia ya viua. Mwanzoni unakuta vitone vyekundu viwili vitatu tu, kila kimoja kama ncha ya sindano. Ukiwa na haraka unavipita. Tena inabidi uvitafute kabla hujamtia mgonjwa matone ya kupanua mboni, kwa sababu mboni ikishatanuka airisi hujikunja na vitone hujificha. Kwa hiyo daktari aliyewaona mshukuruni, ameangalia kwa makini. Na mkifika Unguja mwambieni atakayempokea Mama kwamba ana mishipa kwenye airisi, ili naye aangalie kabla ya matone.

Nigusie pia jambo linalochanganya wengi. Wekundu unaouona kwenye weupe wa jicho, ule wa vumbi, moshi wa jikoni au macho mekundu ya kuambukizana, hauhusiani na huu. Kuna watu huambiwa "una mishipa kwenye jicho" wakaenda duka la dawa kununua matone ya kuondoa wekundu. Mengine ya matone hayo yana steroidi, ambayo kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya jicho. Mama asitiwe tone lolote ambalo hakuandikiwa, wala asali, wala maji ya majani.

Turudi kwa Shangazi, ambaye kwa kweli hakukosea sana. Mishipa imeota kwa sababu jicho linataka damu. Alipoteleza ni pale aliposema kwamba kupata mishipa ndiko kupona.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaoitwa retina, ndio unaopokea picha. Ni mlaji mkubwa wa hewa ya oksijeni. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa midogo kabisa inayoulisha, mmoja unaziba leo, mwingine kesho, mpaka sehemu nzima za retina zinabaki hai lakini zina njaa. Retina yenye njaa hutoa kemikali za kuomba mishipa mipya. Mwaka 1948 daktari mmoja, Isaac Michaelson, alikisia kuwa lazima retina iwe inatoa kitu kinachosambaa ndani ya jicho na kuotesha mishipa, ila kitu chenyewe hakikujulikana. Baadaye ikapatikana protini inayoitwa VEGF, na mwaka 1994 watafiti wakaipima ndani ya maji ya macho ya wagonjwa wa kisukari wakaikuta imejaa kwa wale wenye mishipa mipya.

Protini hii haikai nyuma. Husafiri na maji ya jicho mpaka mbele, ikifika kwenye airisi inaotesha mishipa huko. Chukua mfano wa mtaa ambao nyumba za nyuma mifereji imekauka. Watu wanapiga kelele usiku na mchana. Mafundi wanakuja kweli, ila wanaishia nyumba ya mbele, wanachimba baraza na kulaza mabomba hapo. Nyumba za nyuma hazipati hata tone, kelele haziishi, na mafundi wanazidi kuja. Mwisho kifusi chao kinaziba mtaro wa maji machafu wa mtaa mzima.

Huo mtaro ndio unaojibu swali la presha. Ndani ya jicho, sehemu ya mbele, kuna maji safi yanayotengenezwa kila dakika na kutoka kila dakika. Hayo si machozi, machozi ni ya nje. Njia yake ya kutokea iko kwenye kona, pale airisi inapokutana na ukuta wa jicho, na ina vitundu mithili ya chujio la tui. Maji yakiingia na kutoka sawasawa, presha ya jicho hukaa baina ya 10 na 21. Mishipa mipya ikitambaa mpaka kwenye kona, huja na utando wake, utando unafunika chujio, kisha unajikunja kama ngozi ya kidonda kinachopona na kuivuta airisi iishikilie ile njia. Hapo maji yanaingia, hayatoki. Jicho linajaa, na presha inaweza kufika 50 au 60. Mshipa mkuu wa fahamu, ule unaopeleka picha kwenye ubongo, unabanwa na kuanza kufa, na kilichokufa pale hakirudi.

Kwa hiyo mwambie Mama hivi: presha ya damu na presha ya jicho ni vitu viwili vilivyopewa jina moja tu. Kidonge anachomeza asubuhi ni cha damu, aendelee nacho, tena asikiache. Hiyo 29 ya jicho imetoka kwenye mtaro unaoanza kuziba.

Haumwi kwa sababu presha bado haijapanda sana, au imepanda polepole jicho likazoea. Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapotuponyoka. Nakumbuka bibi mmoja, naye wa huko kaskazini, alionekana na mishipa kama ya Mama yako akaambiwa aje baada ya wiki moja. Kukatokea harusi, baada ya harusi kukatokea msiba. Usiku mmoja akashikwa na kichwa kisichosemeka, upande mmoja, na kutapika. Nyumbani wakasema malaria. Kituo cha afya cha karibu wakamtibu malaria siku mbili, hakuna aliyemfunua jicho. Alipofika kwangu kioo cha mbele cha jicho kilikuwa cheupe kama kioo cha bafuni, presha 58, na mwanga wa tochi hauoni. Tulimtuliza maumivu. Jicho hatukuliwahi.

Sasa matibabu, na hapa nitasema yote, mazuri na mabaya.

Sindano kwanza, maana najua ndiyo inayomtisha. Anatiwa matone ya ganzi, jicho linaoshwa kwa ayodini, kope zinashikiliwa kwa kikoleo kidogo asipepese. Sindano ni nyembamba sana na inaingia kwenye weupe, pembeni, siyo kwenye mboni. Dawa yenyewe ni tone moja, mililita 0.05. Wengi husikia kama kidole kinasukuma, basi. Huenda akaona vidoa vyeusi vinaelea siku moja mbili. Dawa hiyo inaikamata VEGF isifanye kazi, na mishipa ya kwenye airisi huanza kunywea ndani ya siku chache. Ukiitazama tena baada ya wiki unashangaa, mara nyingine huioni kabisa.

Inayotumika sana kwa sababu ya bei ni bevacizumab. Ukisoma karatasi yake utaona imeandikwa dawa ya saratani, na ni kweli, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Nimeulizwa mara nyingi, "Dokta, kumbe nina saratani mnanificha?" Hapana. Uvimbe wa saratani nao huita mishipa ya damu kwa protini hiyo hiyo, ndipo madaktari wa macho wakaiazima dawa kwa kipimo kidogo mno. Kama Mama amewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo karibuni, aseme kabla ya kuchomwa.

Ubaya wa sindano ni kwamba inaisha nguvu. Baada ya wiki chache dawa imeondoka, retina ya nyuma bado ina njaa, na kelele zinaanza upya. Mtu anayechomwa sindano, akaona nafuu, asirudi, huwa tumempa mapumziko tu. Na kama kona imeshagandana, sindano itanywesha mishipa lakini haitoifungua kona.

Ndiyo maana inafuata leza. Leza haipigwi kwenye airisi kama watu wanavyodhani. Inapita kwenye mboni mpaka kwenye retina, zile sehemu za pembeni zenye njaa, na kuzichoma vidoa vidogo vidogo, kwa kawaida zaidi ya 1,000 kwa jicho moja, vikao viwili au vitatu. Kwa mfano wetu wa mtaa, unazihamisha nyumba za pembezoni zisizopata maji ili kelele zinyamaze na maji kidogo yaliyopo yatoshe nyumba za katikati, ambazo ndizo Mama anazitumia kusoma msahafu na kukutambua uso. Unakaa kwenye mashine ile ile, unawekewa kioo chenye ute juu ya jicho, unaona miale inamweka mfululizo. Vidoa vingi havisikiki, vingine vinachoma kama sindano ya ushungi, na vikimzidi aombe ganzi. Akitoka hapo ataona giza kwa saa kadhaa, kwa hiyo asiende peke yake.

Leza inaondoa kitu, sikatai. Baada yake watu wengi huona hafifu zaidi usiku, na ukingo wa uoni hupungua. Wengine sehemu ya katikati huvimba kidogo na herufi zikafifia kwa muda. Wala hairudishi kilichokwisha potea. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 1976, ulionyesha kuwa kwa kisukari kilichofikia hatua ya kuotesha mishipa, leza ilipunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uoni kwa kiasi kikubwa. Wapo wasiookoka nayo, hasa waliochelewa. Jirani yenu sikumpima, siwezi kumsemea, ila hadithi ya "alipigwa leza akapofuka" nikiifuatilia mara nyingi nakuta mtu aliyefika wakati jicho limeshajaa damu au retina imeshavutwa. Leza ikawa kitu cha mwisho kufanyika, ikabeba lawama yote.

Sambamba na hayo ataandikiwa matone ya kushusha presha ya jicho. Kama ana pumu aseme, kwa sababu timolol, tone linaloandikwa sana, linaweza kumbana kifua. Akipewa vidonge vya kupunguza maji ya jicho, ataenda haja ndogo mara kwa mara na vidole vitamfanya ganzi, hilo ni la kawaida, lakini kama figo zake zina matatizo ni lazima daktari ajue kwanza. Matone haya yanashusha namba, hayagusi mishipa. Mtu asije akatosheka na matone. Kona ikiziba kabisa kuna upasuaji wa kutengeneza njia nyingine ya maji, wengine huwekewa kijibomba, au leza ya aina tofauti ya kupunguza kiwanda cha maji chenyewe. Kwenye jicho lenye mishipa upasuaji huo una kazi, hutoka damu na njia huziba tena, kwa hiyo bora tusifike huko.

Swali ambalo hukuuliza: ataona tena? Kama ukungu alionao unatokana na retina kuvimba au damu kidogo, huenda akapata nafuu. Kama ni ule mshipa mkuu wa fahamu umeanza kufa, tunalinda kilichobaki. Presha 29 inanipa matumaini kiasi, inaonyesha huenda kona haijafungwa yote. Atakayejua ni daktari akiiangalia kona yenyewe kwa kioo maalumu, muombeni afanye hivyo na awaambie imeziba robo, nusu au yote.

Sukari yake nayo isiachwe. Aandikiwe kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kwa wengi lengo huwa chini ya asilimia 7, lakini kwa mtu aliyekaa juu muda mrefu isiporomoshwe kwa pupa, kwani kushuka ghafla kunaweza kuyachafua macho kwa muda. Chai yenye sukari vijiko vitatu na visheti jioni mnavijua wenyewe. Presha ya damu ni muhimu sawa na sukari. Na kama daktari ataona hali ya macho hailingani na kisukari, kwa mfano jicho moja ni baya sana na jingine halina kitu, usishangae akitaka kupima mishipa ya shingo, au akisema mshipa mkubwa wa retina uliziba. Huo ukiziba, mishipa hii hupenda kutokeza karibu miezi mitatu baadaye, hata wengine wanauita ugonjwa wa siku 100.

Juu ya safari: anzieni kitengo cha macho cha hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, mkiwa na karatasi mliyopewa Wete, vidonge vyake vyote kwenye mfuko, na daftari la sukari. Pigeni simu kabla hamjapanda meli Mkoani, muulize kama dawa ya sindano ipo na mashine ya leza inafanya kazi wiki hiyo. Ikiwa haifanyi, ombeni rufaa ya Muhimbili au CCBRT Dar es Salaam siku ile ile badala ya kurudi Pemba kungoja. Ikitokea baadaye akafanyiwa upasuaji wa retina na kuwekewa gesi ndani ya jicho, ndege asipande mpaka aruhusiwe, hata ile ndogo ya dakika chache ya Unguja na Pemba. Gesi hutanuka angani. Na mfungo ukimkuta kwenye matibabu, matone ya macho katika madhehebu ya Shafii hayafunguzi. Sindano na vidonge muulizeni shehe wenu pamoja na daktari, kwani kwa kisukari cha namna hii kufunga kwenyewe kunataka ushauri.

Msingoje tarehe ya miadi, nendeni hospitali saa hiyo hiyo hata usiku, jicho likianza kuuma sana, kichwa upande huo kikagonga na kutapika, kioo cha jicho kikawa na ukungu, taa zikawa na duara za rangi, damu ikaonekana mbele ya airisi, au uoni ukaporomoka ghafla. Wakitaka kumtibu malaria, apimwe malaria, lakini semeni kwa sauti: ana mishipa kwenye airisi, mpimeni presha ya jicho. Vilevile siku chache baada ya sindano, jicho likiuma, likawa jekundu na kuona kukapungua, hiyo inaweza kuwa maambukizi ya ndani, na huwa tunayahesabu kwa saa.

Karafuu zitachumwa na wenzenu. Mama mchukueni wiki hii, na huko Unguja jicho lake la kushoto, hilo analosema halina neno, nalo lipanuliwe mboni na retina yake itazamwe siku hiyo hiyo.